Maji ya Mwanza na Haki ya Matengenezo

Watu wa jangwani wakilalamika kuwa hawana maji, sote twawaelewa. Lakini mtu wa Mwanza atalalamikaje akaeleweka? Mbele ya mlango wake limelala ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ziwa la kwanza kwa ukubwa katika Afrika na la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Hata hivyo, katika mji huo huo, kizazi baada ya kizazi, wanawake na watoto wamepanda vilima na ndoo kichwani, wakiliacha ziwa zima nyuma yao. Basi shida ya Mwanza haikutoka mawinguni. Mwenyezi Mungu alikwisha kutoa. Iliyobakia ilikuwa ni kazi ya binadamu, na kazi ya binadamu ina historia yake.

Wafanya biashara wa Pwani waliufikia ufuko wa kusini wa ziwa hili kabla ya Wazungu. Speke, ambaye jina lake limo katika vitabu vyote vya shule, aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 baada ya kufuata habari alizopewa na Waarabu wa Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora. Na Stanley alipoteremsha mashua yake majini pale Kageyi mwaka 1875, alikuta watu wa Pwani wamekwisha kukaa na kufanya biashara pamoja na Wasukuma. Siku hizo maji hayakuwa shauri la mji kwa sababu mji haukuwapo. Watu walikuwa wachache, walichota ufukoni, na uchafu wao mdogo ulipotea katika ziwa kubwa pasipo kumdhuru mtu wa jirani.

Mambo yaligeuka Wajerumani walipoweka boma lao Mwanza mwaka 1892. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na karanga, na baadaye pamba, zikaanza kuvuka ziwa kwa meli. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika, na Mwanza ikawa mlango wa nchi nzima ya Usukuma. Palipo na bandari na reli watu hukusanyika. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wa mji kama ilivyowagawa kwingineko: mabomba ya ndani na mashimo ya majitaka yaliyojengwa vizuri yalikuwa kwa Wazungu na kwa maduka makubwa, Mwafrika alipewa bomba la pamoja njiani, na mara nyingi hakupewa hata hilo. Mji uliwekewa maji ya kuwatosha wale waliohesabiwa kuwa ndio wenye mji.

Hesabu hiyo haikukaa. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Mwanza watu wapatao 35,000. Ya mwaka 1978 ikawakuta zaidi ya 110,000. Mwaka 2012 walikuwa wamezidi laki 7, na sensa ya mwaka 2022, ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, ilipita milioni 1. Mtu aliyezaliwa mwaka wa sensa ile ya 1967 ameuona mji wake ukizidi karibu mara 30, naye bado hajatimiza miaka 60. Bomba lililozikwa ardhini haliongezeki upana kwa sababu watu wameongezeka.

Serikali ya Uhuru haikulala. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wenye shabaha ambayo mpaka leo yastahili heshima: kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji yalitolewa bure. Visima vilichimbwa, mashine zikafungwa, na nchi marafiki, hasa za Skandinavia, zikasaidia. Katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara na Kagera, Wasweden waliendesha tangu mwaka 1985 mpango wa HESAWA, ambao ulikuwa na busara ya kuunganisha kisima, choo na mafunzo ya afya.

Mwaka 1991 ulifika na shabaha haikufikiwa. Wengine husema sababu ni umaskini. Wengine huitaja bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Wengine huvitaja vita vya Kagera. Yote hayo yalikuwapo. Lakini mkaguzi aliyezunguka vijijini miaka hiyo hakukuta kwamba mashine hazikuletwa. Alikuta mashine zimeletwa nazo zimesimama: moja haina mafuta ya dizeli, nyingine yangoja kipuri kutoka ng'ambo, ya tatu imeharibika kitu kidogo tu na fundi hayupo. Fedha za kujenga zilipatikana. Fedha za kutunza hazikuwa na mwenyewe. Mfadhili alizihesabu kuwa ni za serikali, serikali ikazihesabu kuwa ni za kijiji, na kijiji kilikuwa kimeambiwa kuwa maji ni bure.

Hapa yafaa tutazame nyuma kidogo, kwa sababu Waislamu wa zamani walilikuta swali hili hili wakalijibu.

Kila mtoto wa madrasa anayo habari ya kisima cha Ruma katika Madina, ambacho Seyyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kwa mali yake akakitoa kwa watu wote wanywe bila ya malipo. Kisa hicho twakipenda na twakihadithia. Tusichokihadithia sana ni kazi ya mafakihi waliokuja baadaye, walipokaa kuandika sheria za wakfu. Waliuliza: mtu akitoa kisima, au nyumba, au shamba liwe wakfu, na mapato yake yakatengwa kwa maskini, je, fungu la kwanza la mapato hayo ni la nani? Jibu lao ni kuwa fungu la kwanza si la maskini. Ni la matengenezo ya wakfu wenyewe, hata kama aliyeuweka hakutamka neno hilo katika hati yake. Matengenezo hayo waliyaita imara, neno ambalo sisi katika Kiswahili twalitumia kwa kitu kilichosimama madhubuti. Sheria hii yaweza kuonekana ngumu, maana yamtanguliza ukuta mbele ya mwenye njaa. Lakini waliona mbali: ukuta ukianguka, mwenye njaa wa leo atakuwa amekula, na wa kesho hatapata kitu.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni maji ya Makka. Bibi Zubeida, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alitoa mali nyingi kuwapelekea mahujaji maji kwa mifereji iliyopita milimani, na mifereji hiyo yaitwa kwa jina lake hata leo. Bibi huyo alifariki mwaka 831. Lakini maji hayakuendelea kutiririka kwa kuwa yeye alikuwa mcha Mungu. Mara kwa mara mifereji ilijaa mchanga, mafuriko yakaibomoa, na mji ukarudi katika kiu, mpaka atokee mtawala mwingine wa kuitengeneza. Katika karne ya 16 hali ilikuwa mbaya hata Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Istanbul, akajitolea kulipia kazi. Waliotumwa walidhani itakwisha upesi. Wakakutana na mwamba, na kazi ikamalizika mwaka 1571 baada ya miaka kama 10. Habari ya Bibi Zubeida, basi, ni habari ya watu wengi wasiotajwa, waliozibua mifereji yake muda wa miaka zaidi ya 1,000.

Karibu na kwetu, Sayyid Barghash aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888 aliuletea mji wake maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, watu wakachota bila ya kulipa. Ni sadaka iliyotajwa kwa haki. Nayo ilitegemea mfuko wa mtu mmoja, tofauti na wakfu wenye fungu lake.

Turudi Mwanza. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliyageuza mambo: idara za maji za mijini zikafanywa mamlaka zenye hesabu zao wenyewe, na Mwanza ikapata MWAUWASA. Mita zikafungwa na ankara zikaanza kufika majumbani. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo bado lasikika barazani na baada ya darsa: inakuwaje maji yauzwe, hali Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto?

Swali ni zuri wala halifai kupuuzwa. Wanazuoni wengi walitenganisha maji yaliyo mahali yalipoumbwa, kama mto na ziwa, na maji ambayo mtu ameyachota, akayabeba na kuyahifadhi. Ya kwanza hayana mwenyewe. Ya pili yaweza kulipiwa, kwa sababu ya kazi iliyoingia ndani yake. Maji ya Mwanza huvutwa kutoka ziwani, husafishwa na kutiwa dawa pale Capri Point, kisha husukumwa kwa umeme mpaka kwenye matangi ya vilimani. Ziwa halikudai senti. Wanaodai ni kiwanda cha umeme, muuza dawa, na fundi mwenye watoto. Ada ya maji, ikitozwa kwa uadilifu, ndiyo imara ya mafakihi katika vazi jingine.

Nasema ikitozwa kwa uadilifu. Kwa miaka mingi katika miji yetu tajiri mwenye bomba ndani amelipa kidogo kwa kila lita, na maskini asiye na bomba amenunua dumu kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa bei iliyozidi mara kadhaa. Mamlaka ikisita kulaza bomba kuelekea mtaa wa maskini kwa kuhofu kuwa hawatalipa, yapaswa kukumbuka kwamba wanalipa tayari, tena zaidi, ila hawailipi yeye. Aidha, maji yanayovuja katika mabomba yaliyochakaa, na yanayoibwa na watu wanaojulikana, huingia katika bei anayolipa mtu mwaminifu.

Basi hayo ni ya maji yanayoingia mjini. Yanayotoka ni shauri jingine, na hapa historia yetu ina aibu. Kufungua bomba la maji safi ni sherehe. Hukatwa utepe, hupigwa picha, na mama mmoja hutwishwa ndoo mbele ya wageni. Majitaka hayana sherehe. Lakini kila lita inayopanda kilimani yapaswa kushuka, nayo haishuki kama ilivyopanda.

Aijuaye Mwanza ajua mawe yake. Mji umejengwa juu ya vilima vya mwamba, na mitaa kama Igogo na Mabatini imepanda mitelemkoni nyumba juu ya nyumba, kwa kuwa tambarare ilikwisha chukuliwa. Chimba shimo la choo hapo: futi chache tu na sururu yagonga jiwe. Shimo fupi hujaa upesi, na gari la kunyonya uchafu haliwezi kupanda vichochoro vile. Ndipo ikazoeleka desturi ambayo watu wameipa jina la kutapisha vyoo: mvua kubwa ikinyesha, mwenye nyumba huzibua shimo, uchafu ukachukuliwa na maji ya mvua kupita milango ya walio chini, ukaingia katika mto Mirongo, na Mirongo hupita katikati ya mji kwenda ziwani. Ziwa hilo ndilo lile lile linalovutwa na mashine za Capri Point.

Matokeo yake yamekuwa yakionekana kwa miaka mingi. Kipindupindu, ambacho kiliingia Tanzania kwa nguvu mwaka 1977, kimerudi mara nyingi. Kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika na Mwanza. Kichocho ni mwenyeji wa ufuko huu. Tangu mwaka 1915 yajulikana jinsi kinavyozunguka: mayai hutoka katika haja za mgonjwa, huingia majini, mdudu hukua ndani ya konokono, kisha humtoboa ngozi mtoto anayeoga au mama anayefua. Dawa ipo na hugawiwa mashuleni, lakini mtoto akisha meza dawa hurudi katika maji yale yale. Mwislamu akisoma habari hizi hawezi kukosa kukumbuka kwamba katika mambo ya mwanzo aliyofundishwa katika vitabu vya twahara ni katazo la kukojoa katika maji yaliyotuama, na kuacha haja mahali watu wanapoteka maji. Twalifundisha katazo hilo kama adabu ya mtu mmoja mmoja. Ni nani ameufundishia mji?

Kisha yakaja magugu maji. Yalionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yaliziba ghuba na kuzuia mitumbwi. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini, lakini hapa ulikuta meza imeandaliwa: mbolea ya mashambani na uchafu wa miji vilikuwa vimelisha maji. Kenya, Uganda na Tanzania zilianza mwaka 1997 mradi wa pamoja wa kuhifadhi mazingira ya ziwa, na wadudu wa kula magugu wakasaidia. Magugu yalipungua. Chakula chake hakikupungua.

Mtu atauliza: kwa nini nchi zilizozunguka ziwa zilichelewa kulitumia na kulitunza kama mali yao? Jibu moja limo katika karatasi. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua, na kwa barua hizo Mwingereza aliahidi, kwa niaba ya makoloni yake, kwamba haitafanywa kazi yoyote katika mto Nile na maziwa yake ya kuipunguzia Misri maji, pasipo Misri kukubali. Watu wa Mwanza hawakuulizwa. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliandika kuwa haifungwi na ahadi hiyo. Maneno yalikuwa mazito, lakini ilipita miaka 40 na zaidi kabla ya kuonekana kwa bomba. Mwaka 2004 ilianza kazi ya kuyachukua maji kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, kuyapeleka Kahama na Shinyanga, nchi za ng'ombe na kiu. Gharama yake ilikuwa kama shilingi bilioni 250, na fedha hizo zilitoka hasa katika hazina ya Tanzania, kwa kuwa wakopeshaji wa nje hawakuwa wepesi kugusa maji yenye ugomvi. Rais Kikwete aliufungua mradi tarehe 30 Mei 2009, ukiwa na uwezo wa lita milioni 80 kwa siku. Baadaye bomba liliendelezwa kwa mkopo wa India hadi Nzega, Igunga na Tabora. Maji ya ziwa yamefika Kaze, mahali alipopewa Speke habari za ziwa.

Mjini Mwanza penyewe, mwaka 2013 zilipatikana fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na za shirika la maendeleo la Ufaransa, pamoja na fungu la Tanzania, kwa ajili ya maji na usafi katika miji ya Ziwa. Sehemu yake kubwa ni chanzo kipya cha Butimba, ambacho Rais Samia aliweka jiwe lake la msingi, kilichogharimu zaidi ya shilingi bilioni 70, na kilichoanza kutoa maji mwaka 2023. Hesabu yake ni hii: Capri Point lita milioni 90 kwa siku, Butimba milioni 48, jumla milioni 138. Mahitaji yaliyotajwa wakati kazi ikiendelea yalikuwa milioni 160. Kwa hiyo kituo kipya kilizaliwa na deni la lita milioni 22, na mji haukuacha kukua ili kukisubiri. Na fedha za Ulaya kwa sehemu kubwa ni mkopo. Watakaomaliza kuulipa wengine wao sasa wamo chuoni wanasoma juzuu ya kwanza.

Mradi huo una sehemu nyingine ambayo haikupigiwa ngoma, nami naiona kuwa ndiyo kubwa. Kwa kuwa mfereji mkubwa wa majitaka hauwezi kuchimbwa katika mwamba wa vilimani, mafundi walilaza mabomba membamba, yasiyo na kina kirefu, yakipita uani na katika vichochoro, yakaunganisha nyumba kwa nyumba hadi kwenye mfereji wa tambarare, na kutoka hapo uchafu kwenda kwenye mabwawa ya kuutibu yaliyo upande wa Ilemela kabla maji hayajaingia ziwani. Nyumba iliyounganishwa haina haja ya kutapisha choo.

Lakini bomba jembamba lina tabia zake. Lahitaji maji ya kutosha ya kusukuma uchafu, kwa hiyo bomba la juu likikauka siku tatu, la chini huziba. Na kila baada ya nyumba chache kipo kishimo chenye mfuniko wa zege, ambacho wenye nyumba hukifungua kutazama na kuzibua. Mtu wa juu akitupa humo matambara, mchanga au makapi ya jikoni, kwake hapatatokea kitu. Uchafu utafurika katika ua wa jirani wa chini, ambaye huenda hamjui hata jina.